Wadogo zangu mnaoanza baiolojia, msikusanye maajabu kama vizibo vya soda

Kila mwaka wanapoingia wapya huku maabara lazima nimkute mmoja ana kadaftari kake ka maajabu. Pweza ana mioyo mitatu, twiga ana pingili saba za shingo kama wewe, mtoto mchanga ana mifupa mingi kuliko baba yake. Namwangalia natabasamu tu maana huyo namjua, huyo ni mimi kabisa wa zamani, mimi kadaftari kangu kalikuwa na vitu zaidi ya mia mbili nimeviandika kwa kalamu mbili, bluu ya wanyama na nyekundu ya binadamu, yaani nilikuwa najiona nimeshamaliza kozi kabla haijaanza. Sasa ngoja niwaambie kilichonikuta.

Pepa ya kwanza ya wanyama wasio na uti wa mgongo likaja swali, eleza kwa nini pweza anapenda kutambaa kuliko kuogelea. Jamani. Mioyo mitatu ninayo, damu ya bluu ninayo, mikono minane ninayo, nikavimwaga vyote ukurasa mzima kwa mbwembwe, nikarudishiwa alama 2 kati ya 10. Msahihishaji kaandika pembeni maneno mawili tu: "Kwa hiyo?"

Lile "kwa hiyo" lilinikera wiki nzima, halafu baadaye ndo likawa kitu cha maana kuliko vyote nilivyosoma mwaka ule. Maana jibu lilikuwa palepale kwenye vitu nilivyoviandika, ila mimi niliviweka kama shanga bila uzi. Angalia. Damu yetu inabeba oksijeni kwa himoglobini ambayo ina madini ya chuma na imefungiwa ndani ya chembe nyekundu. Pweza anatumia himosianini, hiyo ina shaba badala ya chuma, ndo maana ikishika oksijeni inakuwa bluu, na haikufungiwa kwenye chembe yoyote, inaelea tu kwenye majimaji ya damu. Sasa hiyo haibebi oksijeni nyingi kama himoglobini na tena inaifanya damu kuwa nzito, kwa hiyo inataka kusukumwa kwa nguvu, kwa hiyo moyo mmoja hautoshi, kwa hiyo kuna mioyo miwili pembeni ya kusukuma damu ipite kwenye matamvua na mmoja wa katikati wa kuipeleka mwilini. Halafu kituko chenyewe, huo wa katikati pweza akianza kuogelea unasimama. Unasimama kabisa! Sasa we ungekuwa pweza ungeogelea au ungetambaa? Umeona mioyo mitatu, damu ya bluu na uvivu wa kuogelea kumbe ni stori moja, wala huhitaji kukariri vitu vitatu, ukishika kimoja vingine vinakuja vyenyewe.

Ushauri wangu kwa hiyo ni mdogo sana, kila ajabu utakayoiandika iache mistari mitatu chini yake ya kujaza kwa nini na kivipi, na kama baada ya wiki bado mistari iko mitupu basi hiyo ajabu bado si yako, umeazima tu.

Cha pili, maabara ya kwanza ni hiyo uliyoivaa. Wengi mnasubiri praktiko ndo muanze kuona vitu, wakati mwili mnao hapo. Shika mkono wako wa chini, kati ya kiwiko na kifundo, halafu chezesha vidole kama unapiga kinanda. Unasikia nyama zinavyotembea chini ya ngozi? Ndo kusema misuli mikubwa inayokunja vidole haiko kwenye vidole, iko huko juu, vidole vinavutwa kwa kano ndefu kama kamba za kikaragosi. Mimi hili nililisoma kwenye madesa nikalipita, siku nimelishika kwa mkono nikakaa kimya. Ukimaliza hapo gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho kisha kunja kifundo kidogo kuelekea kwako, wengi wenu mtaona kano moja inasimama katikati ya kifundo kama uzi uliovutwa. Usipoiona usiende hospitali, watu wengi tu wamezaliwa bila ule msuli, wengine mkono mmoja upo mwingine haupo, na wala nguvu za mkono huoni zimepungua, ndo maana madaktari wa upasuaji wakitaka kano ya kwenda kurekebisha sehemu nyingine wanaichukua hiyohiyo. Halafu nenda kwenye kioo uangalie kona ya jicho upande wa pua, kale kakunjo ka rangi ya waridi ni mabaki ya kope la tatu, lile ambalo kuku na paka bado wanalo zima na linafanya kazi. Mtazame kuku akipepesa utaliona linapita kama pazia kutoka kona ileile.

Na hii ya jicho siwezi kuiacha. Chukua karatasi, chora msalaba mdogo kushoto na doa jeusi kulia, yaachane kama sentimita 8. Ziba jicho la kushoto, la kulia likodolee msalaba tu, usihangaike na doa, anza karatasi ikiwa mbali mkono umenyooka kisha isogeze taratibu. Ikifika kama sentimita 30 hivi, doa linapotea. Halifichwi na kitu, linapotea tu na ubongo unajaza weupe wa karatasi pale kama hakujawahi kuwa na kitu. Hapo ndipo neva zinapokusanyika kutoka ndani ya jicho kwenda kwenye ubongo, na kwa kuwa nyuzi zetu za neva zinapita mbele ya retina, yaani ule utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabidi zitoboe mahali zitokee nyuma, na palipotobolewa hapaoni. Mfaransa Edme Mariotte alishalionyesha hili miaka ya 1660, kwa hiyo wala si siri. Ila sasa rudi kwa rafiki yetu pweza, jicho lake linafanana na letu ajabu, lenzi ipo, retina ipo, lakini nyuzi zake zinatokea nyuma moja kwa moja, kwa hiyo yeye hana hilo tundu. Mnyama asiye na hata mfupa kakuzidi hapo. Nililifanya hili darasani na karatasi mkononi, nikaja kukutana na mwanafunzi wangu mmoja baada ya miaka sita, hakumbuki jina langu, lakini sentimita 8 anazikumbuka.

Sasa niwape aibu yangu ya praktiko. Tulikuwa tunapasua sungura, kazi ni kuonyesha neva inayoendesha kisanduku cha sauti kooni. Mimi na kitabu changu wazi pembeni, nikawaza neva inatoka kwenye ubongo, koo liko hapa, basi itakuwa imekatiza hapahapa shingoni fupi tu. Nikaona kauzi keupe kembamba kamelala kando ya bomba la hewa kanapanda kutoka chini, nikasema haka ni kautando tu, nikakata. Mzee mmoja fundi wa maabara alikuwa nyuma yangu, mtu hana digrii lakini keshasimama juu ya meza zile kuliko maprofesa wote, akaguna. "Mwanangu, fuata uzi, usifuate picha." Kumbe kale ndo neva yenyewe. Ya upande wa kushoto inatoka kichwani, inapita karibu kabisa na koo, inaliacha, inashuka mpaka kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, halafu ndo inapanda tena kurudi kooni. Kwako pia iko hivyohivyo. Kwa twiga iko hivyohivyo, ila yeye shingo yote ile, kwa hiyo neva yake inasafiri zaidi ya mita 4 kwenda kufika mahali ambapo ilipita karibu yake mwanzoni kabisa.

Kwa nini? Maana bila kwa nini mtaikariri tu. Kwa samaki hakuna shingo, moyo uko karibu na kichwa, na neva ya aina hiyo inaenda moja kwa moja kwenye matamvua ikipita nyuma ya mshipa wa damu, njia fupi haina shida. Vizazi na vizazi wanyama wakaota shingo, moyo ukashuka kifuani, mshipa ukashuka nao, na neva ilikuwa imeshanasa nyuma yake, ikawa inavutwa tu kila shingo inaporefuka. Hakuna aliyekuja kuikata na kuiunga upya. Na ndo hizohizo pingili saba, twiga hakuongezewa pingili, alirefushiwa zilezile, moja inaweza kupita sentimita 25. Binadamu saba, panya saba, popo saba, nyangumi saba, wanaokiuka kwenye mamalia ni wa kuhesabu. Na kwa wale mnaokwenda upande wa udaktari na uuguzi hii siyo stori ya twiga tu, mgonjwa akija sauti imekwaruza wiki nyingi bila mafua, daktari mzuri haangalii koo peke yake, anawaza na kifua, kwa sababu uvimbe au mshipa mkuu uliotanuka kule chini unaweza kuibana ile neva pale inapogeukia.

Haya, upande wa uongo. Hapa ndo pagumu kwa sababu ajabu za uongo ni tamu kuliko za kweli. Mimi nilishasimama mbele ya darasa na picha kubwa ya ulimi, nimepaka rangi, utamu mbele, uchungu nyuma, chumvi na uchachu pembeni, naelezea kwa kujiamini mpaka jasho. Dogo mmoja wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, mbona mimi nikiweka chumvi kwenye ncha naisikia?" Darasa zima likatoa ulimi nje, hebu piga picha watu 40 wametoa ulimi wanakuangalia. Ramani ile ilianzia kwa Mjerumani D. P. Hänig mwaka 1901, yeye alipima akakuta tofauti ndogo tu za wepesi wa kuonja kwenye kingo za ulimi, ikaja kuchorwa upya kwenye kitabu cha mwanasaikolojia wa Marekani Edwin Boring mwaka 1942 kwa namna iliyofanya watu waone kama kila ladha ina mtaa wake, basi ikaingia mashuleni na haijatoka. Punje moja ya chumvi ingeniokoa, ila sikuwahi kuiweka.

Ziko nyingi za hivyo. Kucha na nywele kuendelea kukua baada ya kifo, hapana, ngozi inakauka inarudi nyuma ndo zinaonekana zimerefuka. Mbuni kuficha kichwa mchangani, hapana, anainamisha kichwa kugeuza mayai kwenye kiota kilicho chini. Nundu ya ngamia imejaa maji, hapana, ni mafuta. Popo kipofu, hapana, anaona. Bakteria mwilini kuwa mara kumi ya seli zako, hii hata watu wenye digrii zao wanaisema mpaka leo, lakini hesabu zilirudiwa mwaka 2016 zikatoka kama bakteria trilioni 38 kwa seli trilioni 30 za mtu mzima, karibu sawasawa, na sehemu kubwa ya seli zako hizo ni chembe nyekundu za damu. Ukiona ajabu haikwambii nani alipima na kwa kifaa gani, hiyo ishike kwa vidole viwili.

Ila pia msipitilize mkawa mnakataa kila kitu. Platipasi wa Australia alipofika Ulaya, ngozi tu iliyokaushwa, mdomo kama wa bata, manyoya, mkia bapa, George Shaw aliyemwandika kisayansi mwaka 1799 alishuku kuna mjanja kaunganisha wanyama wawili. Na kumbe ni wa kweli, na hapo walikuwa hawajajua kwamba anataga mayai na dume ana mwiba wa sumu mguuni.

Kuhusu kupima, fanya hivi ukiwa umekaa. Weka vidole kwenye kifundo utafute mapigo yako, hesabu moja mpaka 35 taratibu. Huo muda wote, kama nusu dakika, ndo nafasi kati ya pigo moja na lingine la moyo wa nyangumi wa bluu akiwa amezama. Mwaka 2019 watafiti walitangaza vipimo hivyo, walimbandika nyangumi kifaa chenye vikombe vya kunyonya kama vile vya kubandika kwenye kioo huko Monterey Bay, California, wakakuta akizama moyo unashuka mpaka mapigo 2 kwa dakika, akipanda juu kuvuta hewa unafika mpaka 37. Mimi hiyo habari ya vikombe ndo iliyonifanya niamini, kuliko hata namba zenyewe.

Na wakati mwingine ukiuliza kivipi walijua, jibu halifurahishi. Kile mnachosoma kwenye mada ya mmeng'enyo kwamba tumboni kuna asidi na chakula kinayeyushwa, sehemu kubwa ya mwanzo wake ilitoka kwenye tumbo la mtu mmoja, Alexis St. Martin, kijana kibarua wa biashara ya manyoya kule Mackinac Island, Marekani, aliyepigwa risasi ya bunduki kwa bahati mbaya tarehe 6 Juni 1822. Daktari wa jeshi William Beaumont akamtibu, akapona, lakini tundu la tumboni halikuziba, likabaki kama kidirisha. Miaka mitatu baadaye Beaumont akaanza kumfungia vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, anaviingiza kwenye tundu, anavitoa baada ya saa moja, mbili, anaandika vimelainika kiasi gani. Majaribio zaidi ya mia mbili, kitabu kikatoka mwaka 1833. St. Martin alikuwa anachoka, anakimbia, anarudishwa kwa mkataba na hela. Alikuja kumzidi daktari wake umri, akafa 1880, na familia yake ikaacha maiti ioze kwanza ndo ikazike, madaktari wasije wakaichukua. Nawaambia hili kwa sababu mtapewa maiti za kusomea, mtapewa sungura na vyura, na kuna watakaopiga nazo picha wanacheka. Mimi meza yangu ukifanya hivyo unatoka nje, sina mjadala.

Nimalizie na binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mwaka jana. Nilikuwa nafundisha ngozi, nikasema kama nilivyosema miaka yote, vidole vikikaa majini vinajikunja kwa sababu ngozi inanyonya maji inavimba. Akasubiri wenzake watoke akanifuata. "Samahani mwalimu, kaka yangu alikatwa na kioo karibu na kiwiko, tangu siku hiyo kidole chake cha mwisho hakisikii kitu. Akifua nguo vidole vyote vinajikunja, hicho kinabaki laini. Sasa kama ni maji, mbona hicho hakinyonyi?"

Nilikosa jibu palepale, nikamwambia kesho. Nikaenda kusoma usiku, kumbe madaktari wanalijua toka zamani, kujikunja kunaletwa na neva zinazobana mishipa midogo ya damu chini ya ngozi, nyama ya ndani inapungua na ngozi ya juu inakosa pa kukaa inajikunja, neva ikikatika hakuna mkunjo. Kuna hata madaktari wanaoloweka vidole vya watoto kupima kama neva imepona, maana mtoto mdogo humuulizi kama anasikia ganzi. Na neva ya kidole cha mwisho inapita nyuma ya kiwiko, palepale ukijigonga mkono wote unapigwa shoti. Binti alikuwa kaona kila kitu, kilichobaki kilikuwa jina la neva tu.

Jioni ile nikajaza beseni maji ya vuguvugu, nikaloweka mkono, saa iko mbele yangu. Dakika ya nne hakuna kitu, ya tano hivi ncha za vidole zikaanza kuingia mistari mmoja mmoja, na mimi na mvi zangu nimeinama juu ya beseni nimekodoa, mke wangu akapita akasimama mlangoni akaniuliza nimedondosha nini humo.